Mama wa Hadithi Yako Asiongee Kama Mtangazaji wa Redio

Kuna binti wa Likoni alinitumia hadithi yake kwa WhatsApp Ramadhani iliyopita, kurasa tisa, akaniomba nimwambie ukweli. Hadithi ni ya mama mmoja anayekaanga viazi karai jioni kando ya barabara ya kwenda feri, na binti yake mkubwa alikwenda Arabuni kufanya kazi za nyumbani, akawa anapiga simu kila Ijumaa, halafu simu zikakatika. Basi, ni hiyo tu. Mama angoja. Hapa kwetu hakuna mtaa usiokuwa na habari kama hiyo, na nikasema hii nitaisoma mpaka mwisho bila kuweka simu tini. Ukurasa wa pili tu nkaiweka.

Manake huyo mama alifungua mdomo. Alikuwa amtume mtoto wake mdogo makaa, akasema hivi: "Ewe mwanangu mpendwa, tafadhali niletee makaa ili niweze kuwasha jiko kwani magharibi inakaribia." Na alipomaliza kusema mwandishi naye akaingia: "Mama alikuwa na huzuni isiyokuwa na kifani, machozi yakamtiririka njia mbili mbili huku moyo ukimdunda mithili ya ngoma."

Sikumjibu kwa kuandika, nilimpigia. Nkamwambia hebu niache na hizo kurasa, nambie hii habari kwa mdomo, nichukulie mimi ni jirani tu nimekuja kununua viazi nimekukuta umekaa. Akaanza polepole, halafu akasahau kama azungumza na mtu wa vitabu, na kwa dakika ishirini hivi nilimuona yule mama kabisa. Akaniambia mama hakusema "ewe mwanangu", alisema, "Wanitolea mato tu, makaa yatakuja yenyewe?" Akaniambia kila Ijumaa simu huchajiwa tangu asubuhi mpaka ijae, na mtu haruhusiwi kuigusa. Akaniambia pia mama alikuwa na tabia ya kuwaambia wateja, "Hebu niflashi nione kama yaingia." Wateja wanaflashi, simu inalia, mama anaikata, anawahesabia viazi vyao, na hakuna mteja hata mmoja aliyejua kwa nini huyu mama kila siku ana wasiwasi na laini yake.

Nikakaa kimya. Nkamuuliza, na hii ya kuflashiwa mbona haimo kwenye hadithi?

Akanijibu, "Aa, hicho si kitu cha kuandika."

Hiyo sentensi ndo imenifanya niandike haya, kwa sababu nshaisikia kwa vijana wengi wanaoandika hapa Mombasa, Kisauni, Changamwe, Mtwapa, kila pahali. Kitu chenyewe wanacho, wamekiona kwa macho yao, lakini wakishika kalamu wanakiacha nje kama viatu mlangoni na wanaingia na maneno mengine kabisa, maneno ya kuazima.

Sisi tuliosoma Kenya twajua yameazimwa wapi. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilianza 1985 ikafungwa 2023, na miaka yote hiyo mtoto wa darasa la nane alipewa dakika 40 aandike insha ya alama 40, na anayeisahihisha hamjui, hajawahi kumuona. Sasa wewe ni mtoto, una dakika 40, utafanya nini? Utapamba. Utaingia na lile daftari la misemo kichwani, nilirauka alfajiri na mapema, jua la utosini, nilipigwa na butwaa, nikatoka shoti, kwa udi na uvumba, majuto ni mjukuu, na kila msemo unaotumbukiza unahesabu kama umeokota alama. Walimu walifundisha kilichokuwa kinaulizwa na wengi wao walifundisha kwa bidii sana. Mtihani ulitaka uonyeshe kwamba maneno unayo, sawa. Lakini hadithi inakuuliza swali lingine, inakuuliza haya maneno ni ya nani.

Hilo ndo swali ninalotaka ubaki nalo hata kama utasahau mengine yote. Chukua ukurasa mmoja wa hadithi yako, uprinti kama unaweza, na pembeni mwa kila sentensi andika jina la mwenyewe. Hii ni ya mama. Hii ni ya makanga wa matatu. Hii ni ya msimulizi, na huyo msimulizi ni mtu gani, ana miaka mingapi, alikulia wapi? Ukifika kwenye sentensi ambayo mwenyewe humjui, yaani ni ya daftari la darasa la nane, ifute. Usiirekebishe, ifute. Binti wa Likoni alifanya hivyo akabaki na kurasa nne na nusu kutoka tisa na akanipigia analia, nkamwambia hizo nne na nusu ndo hadithi, hizo zingine ulikuwa unafanya mtihani.

Mtu asiseme nimepiga marufuku methali. Methali ikiwa na mwenyewe iache. Chukua hii, mwenda tezi na omo marejeo ngamani. Hii ni lugha ya chomboni, tezi ni nyuma ya jahazi, omo ni mbele, na ngama ni kule ndani tini kabisa maji yanakokusanyika mpaka mtu ayateke ayamwage. Mweke mzee wa Mji wa Kale aliyesafiri na majahazi ujana wake wote, amekaa barazani na kikombe cha kahawa tungu, mwanawe amerudi mikono mitupu baada ya miaka kumi na mmoja, na mzee asitoe hotuba, aseme tu nusu ya methali, "Mwenda tezi na omo..." halafu anyamaze amuongezee kahawa. Hapo mimi msomaji nimeshikwa. Methali hiyo hiyo umpe kijana wa Mikindani anayesimulia vile alivyofumaniwa akinakili mtihani, imekufa, kwa sababu huyo kijana hajui ngama ni nini na wewe mwandishi pia ulikuwa hujui.

Kuna jambo lingine linatubana sisi watu wa Mombasa zaidi hata ya wenzetu, na hili lina historia. Lugha tunayoandikia vitabuni haikuwa lazima iwe hii. Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika hapa 1844, na kamusi yake iliyotoka 1882, mwenyewe ameshakufa mwaka mmoja nyuma, imejaa Kimvita, yaani Kiswahili cha hapa Mombasa. Edward Steere, mmisionari Mwingereza, yeye alikuwa Unguja na alifanya kazi na Kiunguja. Halafu 1928 wajumbe kutoka Afrika Mashariki wakakutana hapa hapa Mombasa, na katika mkutano uliofanyika kwetu ndimo Kiunguja kikachaguliwa kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia vitabu na msamiati wa Afrika Mashariki nzima. Kuanzia hapo mtoto wa Kibokoni akisema ndia aambiwa ni njia, akisema mtele aambiwa ni mchele, akisema kitwa aambiwa ni kichwa. Mimi sisemi turudi nyuma. Sanifu imetufaa, ndo inayofanya mtu wa Bujumbura na mtu wa Lamu wasome kitabu kimoja. Lakini madhara yake kwenye hadithi nayaona, yaani mwandishi wa Mombasa akishika kalamu hufunga mdomo wa bibi yake, kwa sababu miaka yote ameambiwa mdomo ule una makosa. Na hii ndo nchi ya Muyaka wa Muhaji (1776–1840), aliyetunga kwa Kimvita mashairi ya siasa za mji na mapenzi na maisha ya kila siku, na mpaka leo yanasomwa vyuoni. Kimvita kilishabeba fasihi nzito kabla hata ya huo mkutano, kwa hivyo usiniambie hakiwezi kubeba ukurasa wako mmoja wa mazungumzo.

Sasa kinafanywaje? Mimi ushauri wangu ni huu, msimulizi mwachie sanifu nyepesi, ile inayokwenda popote, na vinywa vipe lugha yao. Ila kwa kipimo. Usiandike kila sauti vile inavyotamkwa, msomaji atachoka ukurasa wa kwanza na atahisi ni kama anasoma daftari la mtafiti. Chagua alama mbili tatu kwa kila mtu na uzishikilie. Bibi wa Kibokoni atasema mato na ndoo, yaani macho na njoo, na "babako yuwaja", inatosha, msomaji kichwani mwake atamalizia sauti iliyobaki. Mjukuu wake hatasema hivyo, vijana wengi wa sasa hawasemi ndia, watachanganya na sheng iliyopanda treni kutoka Nairobi, na hapo bila kueleza chochote umeonyesha umri, na nyumba iliyo na lugha mbili chini ya paa moja. Mgeni wa bara aliyehamia Bamburi miaka miwili atasema "kuja hapa" pahali mwenyeji atasema "njoo". Neno moja tu, na tunajua nani mwenyeji.

Na hapa nina ombi, na nalisema kwa uzito. Huyo mtu wa bara usimfanye mjinga. Nimesoma hadithi nyingi sana za Pwani ambazo soja wa geti lazima awe wa bara na Kiswahili chake kiwepo tu ili tumcheke, na nyingine mama wa Kigiriama kutoka ndani ya Kilifi anawekewa lafudhi kama mavazi ya maigizo. Mtu anayeongea lugha ya tatu au ya nne maishani mwake ana akili yake yote, ana huzuni yake na hesabu zake. Ukimpa lafudhi mpe na mawazo, vinginevyo mwandike kwa sanifu na umwachie heshima yake.

Jambo la Kiswahili chenyewe ambalo vitabu vya ushauri vilivyoandikwa Ulaya na Marekani haviwezi kukufundisha ni hii a- yetu. Kizungu kina neno lake la mwanamume na lake la mwanamke, mwandishi wao akiweka mume na mke wanagombana, mambo yanajitenga yenyewe. Sisi tuna a- moja kwa wote. Angalia: "Alimwambia anyamaze, akamjibu kwamba amechoka, akamwangalia akatoka." Nani kamwambia nani? Nani katoka? Mwandishi anajua kwa sababu anawaona, msomaji yuko gizani. Wengi wakigundua hili wanaanza kujaza "alisema mama kwa sauti ya upole", "alijibu kijana huku akitabasamu", kila mstari, na mazungumzo yanakuwa mazito kama gunia la chumvi. Dawa tunayo tayari, ni vile tunavyoitana. Hakuna mtu Mombasa anayeongea na mwenzake dakika mbili bila kumwita kitu, mwanangu, ma, ami, shekhe, bi mkubwa, dadangu. Ona:

"Umekula?"

"Nshakula, ma."

"Wapi?"

"Kwa ami."

Mama akafunika sufuria.

Hakuna "alisema" hata moja, na hujapotea. Tena umejua zaidi ya ulichoambiwa, umejua kuna kitu baina ya huyu mama na huyo ami, na chakula cha leo kilikuwa kimepikwa kikangojwa. Hilo la kufunika sufuria ndo jibu lake. Ukiandika "mama alikasirika" umemnyang'anya msomaji kazi ambayo aliitaka aifanye mwenyewe.

Na nyakati. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu naona watu hawaongelei. Insha ilitufundisha kupenda "alikuwa ameketi", "alikuwa akiimba", "lilikuwa limechomoza", kila kitu kimevaa makoti mawili. Hadithi ya binti ilikuwa hivi pahali: "Mama alikuwa ameketi. Alichukua simu. Aliiangalia. Aliiweka chini. Aliendelea kukaanga viazi." Hiyo ni taarifa ya polisi. Kila -li- inasimama peke yake kama shahidi mpya. Sasa sikia: "Mama alichukua simu, akaiangalia, akaiweka tini ya sinia, akageuza viazi." Moja tu -li- ya kufungulia, halafu -ka- inabeba, na kitendo kimoja kinamsukuma mwenzake, ndo maana bibi zetu wakitoa ngano hawana haja ya "baadaye" na "kisha" na "baada ya hapo". Wakati wote umo ndani ya hiyo silabi. Hatari yake ni kwamba -ka- kumi mfululizo humfanya msomaji akimbie mpaka apitwe na lile ulilotaka alione. Kwa hivyo pahali penye uzito, uvunje: "Simu imelala. Mafuta yachemka. Mteja amesimama, noti mkononi." Umesimamisha saa. Halafu rudi kwenye -ka- uendelee. Na hu- usiisahau, "kila Ijumaa huichaji mpaka ijae", hapo kwa neno moja umeweka miezi mingi ya kungoja bila kuandika "kwa muda mrefu sana".

Fanya zoezi hili, chukua ukurasa wako piga mstari chini ya kila kitenzi, utazame tu nyakati bila kusoma maana. Utaona mwenyewe pale hadithi imelala.

Kuna wanaoniuliza, sasa hayo mazungumzo ya kweli nitayapata wapi, mimi si mtu wa maneno mengi. Yako kila pahali bwana. Simama feri ya Likoni saa kumi na mbili asubuhi, ingia Kongowea wakati mboga zinashushwa, kaa kiti cha nyuma cha matatu ya Magongo. Usirekodi watu, hiyo si adabu na pia haitakusaidia, kwa sababu rekodi itakupa maneno yote na wewe unatafuta yale machache yaliyobaki kichwani ukifika nyumbani. Yaliyobaki ndo yenye chumvi. Yaandike usiku huo huo, bila jina la mtu.

Na usikize zaidi kile kisichosemwa, manake mji huu umejengwa juu ya mafumbo. Nenda Mtaa wa Biashara kwenye maduka ya leso usimame pembeni dakika kumi tu, uone wanawake wanavyosoma jina la leso kabla ya kuangalia rangi. Mtu huchagua maneno. Kuna ugomvi wa majirani au wake wenza unaoweza kwenda mwaka mzima bila mtu kuinua sauti, mmoja anatundika kwenye kamba leso imeandikwa kikulacho ki nguoni mwako, imegeuzwa jina lielekee dirisha la mwenzake, na siku ya pili mwenzake naye anafua yake. Wanasalimiana vizuri tu, habari za asubuhi, watoto hawajambo. Mwandishi aliyelelewa katikati ya hayo halafu anaandika wahusika wanaosimama uso kwa uso wakielezana hisia zao aya nzima, mimi naumia kweli, kwa sababu alichokiacha nyumbani ni kizuri kuliko alichokwenda kukifuata.

Mwisho wa hadithi sitausemea sana. Insha ililazimika kufunga na funzo. Hadithi ya binti ilikuwa na aya nzima pale mwisho, "tangu siku hiyo nilijifunza kwamba subira ni ufunguo wa heri", na dada bado hajapiga simu! Subira gani hiyo na heri iko wapi? Nkamwambia hiyo aya haimheshimu mama yako wa hadithi, yeye yungali anangoja na wewe umeshamfungia duka.

Akaitoa. Sasa inaishia kwa mteja wa mwisho wa usiku, kijana, mama anamwambia niflashi nione kama yaingia, kijana anatoa simu, ya mama inalia pale tini ya sinia, mara moja, mara mbili, na safari hii mama haikati, aiacha ilie. Kijana anamwangalia. "Yaingia, mama." Mama anageuza viazi.

Tumebaki na ubishi mmoja. Rafiki yake wa Nairobi aliisoma akamwambia hiyo "mato" kwenye mstari wa kwanza wa mama itawakwaza watu, aweke macho, au aeleze maana pale chini. Mimi nimemwambia asieleze, mtu akisoma "wanitolea mato tu" na mtoto amesimama pale bila makaa, ataelewa au atauliza mtu, na akiuliza mtu si vibaya. Akasema atafikiria. Juzi usiku amenitumia tena, kurasa tano sasa, nimefungua moja kwa moja pale kwenye makaa. Mato bado yapo.